Bodi Haivutwi

Kubadilisha bodi kuu ya laptopu huchukua kama saa moja na nusu mikononi mwa fundi anayeijua kazi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo bisibisi imelala mezani. Mteja asiyejua hukereka. Anamwona fundi ameinama, ameinua taa, ameishusha, amegeuza mashine ubavu, ameandika kitu kwenye karatasi, amenyamaza. Anajiuliza kama analipia kazi au analipia laptopu yake kutazamwa. Analipia kutazamwa. Kufungua skrubu, hata mtoto wa darasa la tano anaweza.

Kitengela ina mafundi wa namna hii wengi kuliko mgeni anavyodhani. Mji umekaa kando ya barabara ya Namanga, kilomita kama 30 kutoka Nairobi, na sensa ya 2019 ilihesabu humu watu zaidi ya 150,000. Wengi ni wapangaji: walimu, wanafunzi wa vyuo, wafanyakazi wa viwanda vya EPZ kule Athi River, vijana wanaofanya kazi za mtandaoni usiku kwa saa za Marekani. Laptopu zao nyingi ni mitumba. Zilitumika kwanza katika ofisi za Uingereza na Ulaya, zikaondolewa kwenye vitabu, zikapakiwa, zikauzwa tena Nairobi zikiwa na alama za vidole vya watu wa huko kwenye kibodi. Mashine ya namna hiyo ikizimika Isinya, Kajiado mjini au hata Bissil, hupandishwa matatu ikaletwa hapa, kwa sababu Kitengela ni karibu kuliko Luthuli Avenue ya Nairobi na mtu hupata nafasi ya kukaa akaona anachofanyiwa.

Kibanda kimoja ninachokijua humu hakifiki upana wa lori. Nusu ni wakala wa M-Pesa, nusu ni meza ya fundi. Nimekaa pale kwenye stuli mara nyingi, wakati mwingine bila hata mashine ya kutengenezwa.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliingia asubuhi kutoka upande wa Kajiado, laptopu kwapani.

“Fundi, hii imekufa. Nimeambiwa ni mazabodi.”

“Umeambiwa na nani, mwalimu?”

“Na kijana wa saiba pale kwetu.”

“Aliifungua?”

“Hapana. Aliiangalia tu.”

Fundi hakucheka. Alichukua chaja, akaichomeka, akaweka ncha za mita: inatakiwa volti 19 na nusu, ikasoma sufuri. Chaja imekufa, na kwa fundi wa haraka hapo kesi ingekwisha. Yeye alitoa chaja yake mwenyewe, ile anayoiamini, akaichomeka. Kimya. Akachomoa betri ya ndani, akajaribu. Akatoa ramu moja, akajaribu. Akatoa na ya pili. Akachomoa kibetri cha saa, kile cha volti 3 chenye umbo la sarafu, akangoja, akakirudisha. Kila jaribio linaiondolea bodi shutuma au linaiongezea, na bodi ndiyo mshukiwa wa mwisho kwa sababu ndiyo sehemu ya bei. Laptopu nyingi zinazoletwa pale na hukumu ya mazabodi hurudi nyumbani na ramu iliyosafishwa miguu kwa kifutio, au soketi mpya ya chaja.

Hii haikuwa mojawapo. Usiku wa mvua stima ilikuwa imepotea kwao ikarudi kwa nguvu, na majirani wawili walipoteza televisheni. Fundi aliunganisha bodi na kile kisanduku chake cha umeme wa mezani chenye namba nyekundu. Namba hizo ndizo macho yake. Ampea zikisoma sufuri tupu, umeme umegonga mlango ukakosa wa kuufungulia. Zikisoma kidogo kisha zikatulia, bodi iko hai na imesinzia. Zikiruka na kugonga ukomo papo hapo, laini fulani inagusana na ardhi. Ziliruka. Akaanza kupima transista za kulisha prosesa, na hapa pana mtego ambao umewagharimu wateja wengi bodi nzima: laini ya prosesa husoma ukinzani mdogo sana hata ikiwa na afya, na asiyejua hutangaza msiba. Fundi anajua ni ukinzani gani wa kawaida na upi wa kifo. Prosesa hufanya kazi kwa volti moja hivi. Kazi ya transista zile ni kukata zile volti 19 vipande vipande hadi ibaki moja. Ya juu ikiungana, 19 zote huingia kwenye prosesa, na prosesa za siku hizi zimelehemewa kwenye bodi yenyewe, hazichomolewi. Ya juu ilikuwa imeungana.

“Mwalimu, sasa naweza kukuambia. Bodi imekufa.”

“Si ndivyo nilivyosema?”

“Ulisema, lakini hukuwa umejua.”

Kuna mafundi wanaodharau kazi ya kubadilisha bodi. Kwao sifa ni ya anayelehemu: anayeinua chipu kwa upepo wa moto, anayepanga vipira vya lehemu vya nusu milimita, anayejua kwamba lehemu ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 na ile isiyo na risasi, iliyotapakaa baada ya Ulaya kuzuia risasi mwaka 2006, hungoja hadi 217. Ni ujuzi mkubwa, sibishi. Ila nimeona walehemuji hodari wakiua bodi mpya kwa namna walivyoibeba kutoka mlangoni hadi mezani. Mkono uliozoea kushinda ubishi wa chuma hupata tabu kwenye kazi ambayo ushindi wake ni kutogusa.

Kuipata bodi yenyewe ni nusu ya kazi. Jina lililo juu ya kifuniko halitoshi. Laptopu mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa na bodi zisizopatana: moja ina prosesa ya i3, nyingine i5, moja ina chipu ya picha ya ziada na kwa hiyo kipoza joto chake kina mguu wa pili, nyingine haina na mguu ule hauna pa kukaa. HP, Dell na Lenovo hazitengenezi bodi zao nyingi zenyewe; kazi hiyo hufanywa na kampuni kama Compal na Quanta za Taiwan, na hao huacha alama zao zimechapwa kwenye bodi. Inayoanza na LA- ni ya Compal, inayoanza na DA0 ni ya Quanta. Fundi husoma alama hiyo pamoja na namba ya kipuri ya mwenye jina, hupiga picha zote mbili, huzituma kwa muuzaji Nairobi, na hadai bei kabla hajarudishiwa picha ya namba zilezile kwenye bodi inayouzwa. Muuzaji akijibu “ni ileile boss, niamini”, anatafuta muuzaji mwingine.

Bodi hizo nazo ni mitumba, zimetolewa kwenye laptopu zilizovunjika skrini, na huja na historia. Iko bodi nzima kabisa ambayo ukiiwasha inakudai nywila ya ofisi fulani ya Ulaya ambayo huenda hata haipo tena. Ndiyo maana sharti jingine la fundi ni video: bodi iwashwe, iingizwe kwenye mipangilio yake ya ndani, ionekane haina kufuli.

Inapokuja, huja kwa matatu, na hapo ndipo roho ya fundi huwa juu. Kuna muuzaji anayejua na kuna asiyejua. Anayejua huitia kwenye mfuko wa kijivu unaong'aa, ule wenye tabaka la metali linaloikinga na umeme tuli. Asiyejua huitupia kwenye mfuko laini wa sokoni, ule unaofanana na kitambaa na kwa kweli ni polipropilini, na safari nzima ya Mombasa Road, kila tuta na kila breki, bodi inasuguana na polipropilini. Fundi wetu hutuma mfuko wake mwenyewe asubuhi na dereva yuleyule, ujazwe huko. Wenzake humwona ana makuu.

Makuu hayo yana sababu za kijiografia. Kitengela iko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, pembezoni mwa nyanda kavu za Athi na Kapiti, na kuanzia Januari hadi mvua ya masika ishuke, hewa hukauka mpaka midomo inapasuka. Katika hewa hiyo mwili hujilimbikizia umeme tuli kwa kutembea tu, kwa kuvua sweta, kwa kuinuka kwenye kiti cha plastiki. Mtu hahisi mshtuko mpaka ufike volti 3,000 hivi. Ndani ya chipu zimo transista ambazo hata volti 100 hazihitajiki kuzitoboa. Hapo katikati ndipo mafundi wengi wanapoharibikia: bodi imekufa mkononi na mkono haukusikia chochote. Na mara nyingine haifi siku hiyo. Hujeruhiwa tu, ikawaka, ikalipiwa, ikaenda nyumbani, na baada ya wiki kadhaa ikaanza kuzimazima bila mpangilio. Mteja hulaumu stima, fundi humlaumu muuzaji, na mguso wa siku ile haukumbukwi na mtu.

Kwa hiyo fundi wetu havai sweta la nyuzi bandia akiwa mezani, hata Julai, na Julai ya Kitengela ina baridi isiyo na mzaha. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto hufunga bangili ya kitambaa yenye nyuzi za chuma. Waya wake huenda kwenye mkeka wa mpira uliotandikwa mezani, na mkeka una waya wake unaokwenda ardhini. Ndani ya waya wa bangili kuna rezista ya ohm milioni moja, na napenda sana busara ya kitu hicho kidogo. Umeme tuli unashuka kupitia humo taratibu badala ya kuruka, na siku fundi akigusa waya wa volti 240 kwa bahati mbaya, mkondo utakaopita mwilini kuelekea bangili hautafika robo ya miliampea. Kifaa kimoja kinailinda bodi dhidi ya fundi na kinamlinda fundi dhidi ya nyumba.

Lakini ardhi yenyewe iko wapi? Soketi ya Kenya ina matundu matatu, na lile la juu limeunganishwa na nini nyuma ya ukuta, Mungu na mkandarasi ndio wanaojua. Alipohamia kibanda kile alipima akakuta tundu la tatu halina kitu. Akamwomba mwenye nyumba ruhusa, akachimbia fimbo ya shaba nyuma ya ukuta. Ilifanya kazi vizuri hadi kiangazi. Udongo wa Kitengela ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, nyufa za kuingiza kiganja, na fimbo iliyozikwa humo hubaki inagusana na hewa sehemu sehemu. Siku hizi maji ya kunawia mikono hayamwagwi barabarani. Humwagwa shinani mwa fimbo ile, na mita huthibitisha kabla bangili haijavaliwa.

Mzee mmoja wa Isinya, aliyeleta laptopu ya mjukuu wake, aliegemea meza apate kuona, shuka lake jekundu likaburuzika juu ya mkeka. Shuka nyingi za sokoni sasa ni akriliki. Ukizivua gizani wakati wa kiangazi utaona cheche. “Mzee wangu, njoo ukae huku, kuna mwanga mzuri zaidi,” fundi alimwambia, akamsogezea stuli upande wa pili. Habari za volti hakumtajia. Mzee alikaa akaona kila kitu, akauliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wa chuo.

Sasa tufungue mashine ya mwalimu. Kifuniko cha chini kikitoka, mkono wa kwanza huenda kwenye plagi ya betri, na hakuna mkono wa pili kabla ya huo. Laptopu iliyozimwa haijazimika. Kama betri bado imechomekwa, kuna laini za volti 3 na 5 zinazokesha zikisubiri kidole kibonyeze kitufe, na laini ya betri yenyewe iko wazi. Chomoa kebo ya skrini katika hali hiyo, pini mbili jirani zigusane kwa kupinda kidogo, na fyuzi ya taa ya skrini imekwenda. Betri ikishatoka, fundi hubonyeza kitufe cha kuwashia akakishikilia, huku akitazama nje barabarani, kama sekunde 20, ili akiba iliyobaki kwenye kapasita iishe. Nimemwona akifanya hivyo hata kwenye mashine iliyokaa kabatini mwezi mzima.

Betri yenyewe huipapasa. Ikiwa imevimba, kazi inasimama na mteja anaitwa. Betri ya lithiamu iliyovimba haichokonolewi kwa bisibisi.

Kebo bapa za kibodi na za padi ya kugusa hushikiliwa na vikomeo vya plastiki vyenye unene usiofika milimita. Viko vinavyoinuka juu na viko vinavyotelezeshwa nje, na kwa macho ya kawaida vinafanana. Anayekichukua cha kutelezeshwa akakiinua atakivunja, na kikivunjika upande wa bodi hakuna duka la kukinunua. Fundi huvaa miwani yake ya kukuza, hutafuta upande wenye bawaba, huugusa kwa ncha ya kijiti cha plastiki, husubiri kikubali. Nyaya mbili za antena ya waifai, mweusi na mweupe, hunyanyuliwa wima bila kupindwa, na atakapozirudisha atazibonyeza kwa kucha hadi zitoe mlio. Hafungui kitu asichokipiga picha kwanza.

Skrubu zina karatasi yao. Huchora umbo la mashine kwa kalamu kwenye kipande cha katoni, na kila skrubu inapotoka huchomekwa kwenye katoni mahali palepale ilipotoka. Niliwahi kudhani ni usafi tu wa mtu mwenye nidhamu. Kumbe ni hofu halali. Bodi ya laptopu ni tabaka nane, kumi au zaidi za shaba, zilizogandamizwa katika unene wa milimita moja hivi. Tangu Paul Eisler, Mwaustria aliyehamia London, alipotengeneza redio ya saketi iliyochapwa katika miaka ya 1930, kazi imekuwa ni kubana njia nyingi zaidi mahali padogo zaidi. Skrubu ndefu kwa milimita mbili ikiingizwa kwenye tundu la fupi, huingia kwa raha, huzunguka kwa raha, na mwisho wa mzunguko hukata njia za shaba ambazo jicho halitaziona kamwe. Mashine haitawaka, na kila kipimo kitaonyesha bodi nzuri iliyokataa bila sababu.

Halafu inakuja kuitoa. Mwanagenzi wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa ameshika ukingo, bodi ikanyanyuka upande mmoja na ule mwingine ukagoma. Akaongeza nguvu kidogo.

“Bodi haivutwi,” fundi akasema bila kupandisha sauti. “Ikikataa, kuna kitu hujakiona.”

Kijana akaachia. Wakainamisha taa wote wawili. Ilikuwa skrubu chini ya kipande cha utepe mweusi karibu na feni, ambapo mtengenezaji aliifunika kwa sababu anazozijua mwenyewe. Ilipotoka, bodi ilikubali. Inanyanyuliwa kutoka upande usio na matundu ya nje, ikainama, ndipo soketi za USB na za HDMI zikateleza kutoka kwenye madirisha yake. Inashikwa kingoni, vidole viwili huku na viwili huku, viganja vimetazamana, na hakuna kidole kinachokanyaga sehemu yenye dhahabu. Jasho la mkono lina chumvi, na chumvi juu ya mguso wa dhahabu ni kesi ya miezi sita ijayo.

Bodi mpya hutoka mfukoni ikiwa mkeka umeshaguswa na bangili imeshavaliwa, na hulazwa juu ya mkeka. Juu ya mfuko wake hailazwi ikawashwa, ingawa mafundi wengi hufanya hivyo wakidhani wanaikinga. Mfuko ule una metali. Unakinga kilicho ndani yake, na kilicho juu yake chenye umeme unaweza kukipa njia ya mkato.

Vumbi ni sura yake peke yake. Barabara za ndani za Kitengela, machimbo, malori ya mchanga, viwanda vya simenti vya Athi River: yote hayo hukutana kwenye mapezi ya kipoza joto, yakashikana na nyuzi za blanketi kuwa zulia. Hulitoa kwa vipande, hupuliza kwa mpira wa mkono, huku kidole kimeizuia feni isizunguke. Kompresa ya gereji iliyo jirani haitaki. Hewa yake ina maji na mafuta. Brashi ya nailoni haitaki pia, kwa sababu mnazozijua sasa.

Uso wa prosesa ni kioo cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba, uchi, bila kifuniko. Hufutwa kwa alkoholi ya isopropili mpaka taa ijionee ndani yake. Pesti mpya ya kupitisha joto huwekwa kidogo mno, na kipoza joto hushushwa wima. Skrubu zake zimeandikwa namba kwenye chuma: moja, mbili, tatu, nne. Namba hizo huruka pembe kwa pembe, na fundi huzifuata kwa robo ya mzunguko kila moja, akirudi tena na tena, ili uzito ushuke sawasawa. Anayekaza ya kwanza hadi mwisho kabla ya kugusa ya pili hupasua kona ya kile kioo, na kona ikipasuka amenunua bodi nyingine. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kupita zote, na ni ngumu kusema kwa nini. Labda ni kwa sababu mwenye kiwanda aliandika namba zile akiwa mbali, akijua ipo siku mtu asiyemjua atazihitaji.

Hafungi mashine kabla ya kuiwasha. Huunganisha vichache tu: ramu moja, kebo ya skrini, feni, na mwisho kabisa umeme wa mezani wenye ukomo wa ampea, ili kama kuna kosa likamatwe kabla halijawa moto. Mwalimu alikuwa amerudi wakati huo. Fundi alibonyeza. Feni ikazunguka, taa ndogo ikawaka, skrini ikabaki nyeusi.

“Fundi, haiwaki.”

“Iache, mwalimu. Inajuana na ramu.”

Ni kweli. Bodi isiyokuwa na kumbukumbu ya saa wala ya ramu hutumia mwasho wake wa kwanza kupima kila njia ya mawasiliano na chipu zile, na kwa mashine za sasa inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi, gizani. Bodi ngapi nzima zimehukumiwa na kutolewa tena ndani ya dakika hiyo? Fundi alikuwa akitazama ampea: zinapanda, zinashuka, zinapanda. Kitu kilichokufa hakipumui hivyo. Jina la kampuni likajitokeza katikati ya skrini, na mwalimu akapiga meza kwa kiganja, jambo ambalo fundi hakulifurahia.

Kilichobaki hakihitaji bisibisi, na ndicho kinachowaumbua wanaodhani wamemaliza. Bodi mpya haijijui. Namba ya usajili wa mashine iliishi kwenye bodi ya zamani, na lazima iandikwe upya kutoka kwenye stika ya chini, kwa programu ya mtengenezaji, na kwa baadhi ya mashine fursa ni mara moja tu. Ukikosea herufi umeikosea daima. Saa imerudi miaka nyuma, na mteja akienda nayo hivyo, tovuti zote zitamwambia si salama, naye ataamini bodi ina virusi. Leseni ya Windows huifuata bodi, kwa hiyo hupasa kudaiwa upya kupitia akaunti ya mwenyewe. Na kubwa kuliko yote ni kufuli la BitLocker. Ufunguo wa diski huhifadhiwa na chipu ya usalama iliyo kwenye bodi. Diski ikijikuta kwenye bodi ngeni hudai ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, na bila tarakimu hizo mitihani ya muhula mzima ya mwalimu iko pale, salama kabisa, haisomeki na mtu yeyote duniani akiwemo yeye.

Hilo fundi alikuwa ameliuliza siku ile ya kwanza, kabla ya kutaja bei. Mwalimu hakuwa na habari kama ana kitu hicho. Walikaa pamoja na simu yake, wakaingia kwenye akaunti aliyoisahau, wakazikuta zile tarakimu, na fundi akamwambia azinakili kwa mkono wake mwenyewe kwenye daftari lake mwenyewe. Laptopu ambazo diski zake zimelehemewa kwenye bodi, kama MacBook za miaka hii, yeye hukataa kuzibadilisha bodi mpaka mteja aseme kwa kinywa chake kwamba hakuna anachokihitaji humo ndani. Bodi ikiondoka pale, picha za harusi zimeondoka nayo. Sitasema ni ubunifu mbaya. Ni mashine nyembamba na nzuri. Ila aliyeibuni hakuwahi kukaa mahali ambapo stima hurudi kwa nguvu.

Mwalimu alilipa, akalalamika kidogo kwa mujibu wa desturi, akapunguziwa kidogo kwa mujibu wa desturi. Skrubu zote zilikuwa zimetoka kwenye katoni; fundi alimwonyesha katoni tupu kabla hajaitupa, na hiyo ndiyo risiti yake ya kweli.

Bodi iliyokufa iliingia kwenye mfuko wa kijivu ulioileta mpya, ikaandikwa kwa kalamu ya wino mzito: jina la modeli, tarehe, “prosesa kwisha, upande wa chaja mzima.” Mafundi wengine huzichoma za namna hiyo nyuma ya vibanda ili wapate shaba, na moshi wake una risasi na kemikali za kuzuia moto ambazo watoto wa ploti hawakuziagiza. Yeye huzikusanya hadi mzigo ufae safari, zikapelekwa Nairobi kwa WEEE Centre wanaotenganisha taka za elektroniki. Ila si kabla hajazivuna. Wiki chache baadaye dada mmoja wa Milimani alileta laptopu isiyochaji, modeli ya undugu na ile ya mwalimu. Fundi alivuta droo, akapekua mifuko akisoma maandishi yake mwenyewe, akatoa transista mbili na chipu ya chaji. Dada aliuliza kama bodi inabadilishwa.

“Yako haijafa,” akamwambia. “Kaa kidogo.”